Dafu Kabla ya Adhuhuri

Vaidya Kunjiraman hakuandika kitu.
Alimshika baba kifundo cha mkono kwa vidole vitatu,
akafumba macho kama asikilizaye ugomvi wa jirani,
kisha akasema: Umejaa moto.
Moto huo, kwa lugha ya vitabu vyake, huitwa pitta.
Nikakaa mwezi mzima nikingoja upite.
Haukupita.

Nyayo zilimwaka, macho mekundu,
na kila aendapo msalani
tulimsikia akiuma kitambaa.

Dawa ni dafu, alisema vaidya.
Si kitale, hicho bado hakijajua utamu;
si koroma, hilo limeshaanza kuwaza tui.
Dafu lililoanguliwa leo,
linywewe kabla jua halijafika utosini,
ndani ya kifuu chake, bila barafu,
na punje mbili za iliki iliyopondwa.
Likilala usiku mmoja, limwagieni mchicha.
Jua likizama msimpe: tumbo nalo lina machweo yake.
Akianza kukohoa, acheni kwanza.
Na anywe kidogo kidogo. Akiwa amekaa.

Amekaa!
Baba alicheka mpaka maumivu yakamrudi.
Velayudhan, mkwezi wa Ottapalam,
miaka arobaini na moja juu ya minazi ya watu,
kamba miguuni, panga kiunoni,
lini aliwahi kunywa dafu amekaa?
Sisi nyumbani tulijua hakuwahi kulinywa kabisa.
Kila kole lilikuwa na mwenyewe,
na mwenyewe alihesabu.
Mgema akisifiwa, wanasema, tembo hulitia maji;
baba hakusifiwa hata siku moja,
tembo lake likabaki zito.

Sasa madafu yapo, mkwezi hakuna.
Vijana wa mtaa wetu wako Dubai wanapanda majengo.
Dukani kuna maji ya dafu ya kopo,
yamesafiri kuliko mimi.
Basi nilikwenda ofisi ya kilimo, nikajaza fomu,
nikarudi na mashine ya kukwelea:
vyuma viwili vya kukanyagia, kitanzi cha waya,
na kofia ngumu ya manjano.
Mama alifunga dirisha asione.
Baba aliomba kitanda chake kitolewe nje.

"Shailaja! Unakanyaga kama unajaza upepo baiskeli!"
"Usiukumbatie hivyo, huo si mume!"
"Litikise. Lisilosema neno ndilo lililojaa."
"Usilitupe, lishushe kwa kamba,
mimi si mnunuzi, mimi ni mgonjwa!"

Asubuhi ya kwanza nilishuka na dafu moja
na magoti yaliyochunika.
Ya nne, mawili. Ya sita mvua ilinyesha,
nikakaa nimekasirika, naye akakasirika zaidi.

Siku ya kumi na moja hakuuma kitambaa.
Alikunywa funda, akalizungusha mdomoni,
akatazama mbali.
"Huu ni mnazi wa kisimani, kwa Menon."
Umejuaje?
Kimya. Akachokonoa iliki kwenye jino.
"Niliwahi. Mara moja. Mwaka ulipozaliwa wewe.
Kileleni, nimesimama, saa saba mchana,
jua linanikata shingo.
Nililitoboa kwa ncha ya panga, tundu dogo,
duara, lenye meno meno,
nikamwambia mzee Menon ni panya."

Kinyume cha vitabu vyote:
wakati si wake, kikao si chake,
na mali si yake.
"Lilikuwaje?"
"Tamu," alisema, kisha akasita.
"Lakini nililinywa haraka mno."

Menon amekufa. Wanawe wako ng'ambo,
ufunguo wa lango tunao sisi.
Baba alipima kifuu kwa mkono, akasikia bado kina uzito,
akaninyoshea.
"Aliyekwea naye anywe.
Kaa chini kwanza."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda,
kofia ya manjano bado kichwani.
Ilikuwa saa nne kasoro.
Kivuli cha mnazi kilikuwa kirefu bado,
kimepita juu ya miguu yake.